Glukosamini, kondroitini na wenzake: vinatuliza maumivu ya viungo kweli, au kidonge kitupu kingetosha?

#1 Kipimajoto
Wakuu, salaam. Kila wiki unafunguliwa uzi wa "magoti yanasagana, nitumie nini", na jibu la kwanza huwa ni kopo la glukosamini. Leo naweka dai mezani, naomba lipingwe kwa hoja: kwa goti lililolika gegedu, glukosamini na kondroitini hazipunguzi maumivu kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa yoyote ndani.

Jaribio kubwa ni GAIT la Marekani, matokeo yalitoka 2006. Watu 1,583 wenye maumivu ya goti, wiki 24, makundi matano. Kipimo kilikuwa maumivu kushuka kwa asilimia 20 au zaidi. Waliomeza kidonge kitupu na kufika hapo ni asilimia 60.1. Glukosamini 64.0, kondroitini 65.4, zote mbili pamoja 66.6, selekoksibu (dawa ya maumivu) 70.1. Itazameni hiyo namba ya kwanza: watu sita kati ya kumi walipata nafuu bila dawa. Ndiyo maana ukiuliza "ilikusaidia?" wengi watakujibu ndiyo, na hawasemi uongo.

Mwaka 2010 jarida la BMJ likachapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 3,803. Jibu likawa lile lile, kwa maumivu na kwa nafasi ya kiungo kwenye eksirei.

Anayepinga aje na aina ya chumvi (haidrokloraidi au salfeti), dozi na muda.

#2 Mfamasia Mkongwe
Takwimu umezinukuu sawasawa, mkuu. Ila kuna mawili umeyaruka.

La kwanza, GAIT walitumia glukosamini haidrokloraidi, 500 mg mara tatu kwa siku. Majaribio ya Ulaya yaliyoleta matumaini yalitumia kitu kingine: glukosamini salfeti ya fuwele, 1,500 mg mara moja kwa siku. Moja lilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2001, watu 212. La Prague likafuata 2002, watu 202. Yote mawili yalikwenda miaka mitatu. Maumivu yalipungua kuliko kwa waliomeza kitupu, na nafasi kati ya mfupa wa paja na muundi haikuendelea kufinyika kama kwao. Huwezi kuihukumu dawa moja kwa matokeo ya nyingine.

La pili, ndani ya GAIT hiyo hiyo kulikuwa na kundi la wenye maumivu ya wastani hadi makali. Hao walipopewa glukosamini na kondroitini pamoja, asilimia 79.2 walipata nafuu, dhidi ya 54.3 ya kidonge kitupu. Tofauti ya pointi 25 si ya kupuuza.

#3 Lulu
Nimevuta kigoda. Endeleeni wakuu.

#4 Kipimajoto
Mfamasia, hilo kundi dogo lilikuwa takribani mmoja kati ya watano wa washiriki wote, kisha likagawanywa tena mara tano. Kila fungu lilibaki na watu sabini hivi. Na humo humo selekoksibu, ambayo hakuna anayebisha kuwa inatuliza maumivu, haikukipita kidonge kitupu kwa tofauti inayohesabika kitakwimu. Mizani iliyoshindwa kuiona selekoksibu, nitaiaminije inaposema imeona glukosamini?

Hayo ya 2001 na 2002 yalifadhiliwa na mtengenezaji wa hiyo salfeti. Tena eksirei zilipigwa mgonjwa akiwa amesimama, goti limenyooshwa. Goti likiuma, mtu halinyooshi hadi mwisho. Likipoa, analinyoosha. Pembe ikibadilika, na nafasi inayoonekana kwenye picha inabadilika, hata kama gegedu ni lile lile.

#5 Sindano Butu
Kabla hamjagombania chumvi, mwulizeni mgonjwa ana athraitisi ipi. Humu neno moja linabeba magonjwa matatu yasiyofanana.

Gegedu kulika: maumivu yanakuja ukitembea au ukipanda ngazi, yanatulia ukipumzika. Asubuhi kiungo kinakakamaa lakini kinaachia ndani ya nusu saa. Magoti, nyonga, uti wa mgongo, vifundo vya vidole vilivyo karibu na kucha.

Rumatoidi: kinga ya mwili inashambulia utando wa kiungo. Kukakamaa kwa asubuhi kunavuka saa nzima, vifundo vya katikati ya vidole na viganja vinavimba pande zote mbili, mwili unachoka. Huyu hana muda wa kujaribu makopo. Anahitaji methotreksati au dawa za jamii hiyo mapema, pamoja na asidi ya foliki, kwa sababu mfupa unaanza kutobolewa miezi ya mwanzo. Miezi sita ya kusubiri virutubisho vifanye kazi inaweza kugharimu kiganja.

Jongo: kidole gumba cha mguu kinawaka usiku, hata shuka likigusa ni kilio. Hiyo ni asidi ya yuriki. Glukosamini haina kazi hapo kabisa.

Majaribio mliyoyataja yote ni ya gegedu kulika kwenye goti. Msiyapeleke kwingine.

#6 Nahodha wa Nchi Kavu
Nyongeza kidogo. Kinachofanya magoti yasagane ni ute kukauka. Glukosamini ndiyo malighafi ya ute na gegedu, kwa hiyo ukimeza, kiungo kinajengwa upya. Ndiyo sababu inachukua miezi. Na jaribio la MOVES la 2016 lilithibitisha mchanganyiko huo unakishinda kidonge kitupu.

#7 Asha Kemia
Nahodha, kaka yangu, hapo kuna matatu ya kunyoosha.

Ute haukauki. Goti lenye gegedu lililolika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, ndiyo hilo watu wanaita "goti limejaa maji". Kilichopungua ni uzito wa ute, kwa sababu asidi ya hailuroniki ndani yake imepungua na minyororo yake imekatika. Ute mwepesi unateleza vibaya.

Kujengwa upya: gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kuminywa na kuachiwa, kama sponji kwenye beseni. Ute unaingia na kutoka kila unapopiga hatua. Ukimeza 1,500 mg za glukosamini, sehemu kubwa inaishia tumboni na kwenye ini, na kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mara nyingi kuliko kile kilichotumika kwenye vyombo vya maabara kuonyesha seli za gegedu zikichangamka. Wapo wanaosema haifanyi kazi kama malighafi bali inapunguza ishara za uvimbe. Hilo ni dai tofauti na la matofali na saruji.

MOVES haikuwa na kidonge kitupu. Watu 606, miezi sita, glukosamini haidrokloraidi na kondroitini upande mmoja, selekoksibu 200 mg upande wa pili. Pande zote mbili maumivu yalishuka kwa takribani nusu, wakahitimisha kuwa mchanganyiko si dhaifu kuliko selekoksibu. Rudi kwenye namba ya Kipimajoto: pasipo kidonge kitupu, hujui nusu hiyo ingepatikana bila chochote.

#8 Nahodha wa Nchi Kavu
Asante dada Asha, la MOVES nimelipokea. Nilichanganya.

#9 Kipimajoto
Na aliyeongeza kidonge kitupu aliona nini? Hispania, 2017, watu 164, kondroitini 1,200 mg na glukosamini *salfeti* 1,500 mg kwa pamoja. Kidonge kitupu ndicho kilichofanya vizuri zaidi, jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Salfeti ilikuwepo, Mfamasia.

#10 Mfamasia Mkongwe
Ilikuwepo, ndani ya mchanganyiko. Kuna wanaodhani kondroitini inapunguza ufyonzwaji wa glukosamini zikimezwa pamoja, kwa hiyo hata hilo halijibu swali la salfeti peke yake. Na mwaka huo huo wa 2017 kulikuwa na jaribio la CONCEPT: watu 604, miezi sita, kondroitini ya kiwango cha dawa 800 mg kwa siku peke yake, dhidi ya selekoksibu na dhidi ya kidonge kitupu. Kondroitini ilikishinda kitupu na ikalingana na selekoksibu.

Neno la kushika ni *kiwango cha dawa*. Katika baadhi ya nchi za Ulaya kondroitini na salfeti vinasajiliwa kama dawa, kiwanda kinakaguliwa, kila fungu linapimwa. Kwingine ni nyongeza ya chakula tu.

#11 Asha Kemia
Hapo Mfamasia amegusa kidonda. Kondroitini inatoka kwenye gegedu la koo la ng'ombe, la nguruwe, la papa au la kuku, na ni ghali kuisafisha. Kipimo cha zamani cha kiwandani kinahesabu chochote chenye chaji hasi kinachoshikana na kitendanishi, bila kuuliza ni nini. Walaghai wakagundua kuwa sodiamu heksametafosfeti inakidanganya kipimo hicho: unga wa bei ya chini unaopita kama kondroitini. Kipimo kinachowakamata ni kile cha vimeng'enya, kinachokata kwanza minyororo ya kondroitini kisha kuhesabu vipande. Kopo lisilosema limepimwa kwa njia hiyo, au halina alama ya mkaguzi huru, msiliwekee dhamana.

Sasa glukosamini. Salfeti tupu inanyonya unyevu hewani na kuharibika, kwa hiyo inafungwa na chumvi, ama ya mezani ama ya potasiamu. Geuzeni kopo, msome maandishi madogo ya nyuma:

"Glukosamini salfeti 1,500 mg", kisha kinyota, kisha chini "kama salfeti 2KCl" (KCl ndiyo hiyo chumvi ya potasiamu). Hapo 1,500 ni uzito wa glukosamini *pamoja na* chumvi. Salfeti yenyewe ni takribani 1,130 mg, na glukosamini tupu ni kama 890 mg.

Ile ya majaribio ya Ulaya ni kifuko chenye 1,884 mg za unga: 1,500 ni salfeti, 384 ni chumvi ya mezani. Glukosamini tupu ndani yake ni 1,178 mg.

Haidrokloraidi 1,500 mg ina glukosamini tupu takribani 1,250 mg.

Kwa hiyo mtu anayesema "nilitumia salfeti 1,500 haikufanya kitu" huenda alimeza robo tatu ya dozi. Na ajabu ni kwamba haidrokloraidi ya GAIT ilikuwa na glukosamini nyingi zaidi kuliko salfeti ya Ulaya. Kama chumvi ndiyo sababu ya tofauti, basi si kwa wingi wa glukosamini. Labda ni salfa, labda ni kumeza mara moja badala ya mara tatu, labda ni yale aliyosema Kipimajoto kuhusu mfadhili.

#12 Lulu
Nimesoma maandishi madogo ya kopo lililo mbele yangu. Kinyota kipo. Dah.

#13 Mwanambee
Habarini. Swali fupi: mama ana miaka 68, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo sawa, INR yake (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) inakaa 2.4 hadi 2.8. Kanunuliwa glukosamini na kondroitini, bado hajafungua. Aanze?

#14 Mfamasia Mkongwe
Asifungue, dada. Zipo taarifa za INR kupanda glukosamini ilipoongezwa juu ya warfarini, na ushauri wa kawaida kwa wanaotumia warfarini ni kutoitumia. Mtu aliyetulia kwenye 2.4 akipanda kupita 4 anaweza kuanza kutoka damu puani, kwenye fizi, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami. Mpe daktari wake jina la kila alichonacho nyumbani, hata kisichoitwa dawa: mafuta ya samaki, manjano ya vidonge, vitamini K. Na kama kuna chochote ameshameza, apime INR sasa, asisubiri kliniki ya mwezi.

Pia msiweke ibuprofeni wala diklofenaki ya kumeza badala yake. Pamoja na warfarini tumbo linaweza kuvuja damu.

Wengine wa kuwa makini: mwenye mzio wa kamba na kaa, kwa sababu glukosamini nyingi hutoka kwenye magamba yao (ipo inayotokana na kuvu au mahindi, itaandikwa). Mwenye presha ya macho amwambie daktari wa macho. Mwenye figo mbovu asome kama chumvi ni ya potasiamu.

#15 Mwanambee
Nashukuru sana. Linabaki limefungwa.

#16 Tabibu wa Zamu
Naomba niingize la hatari zaidi kuliko glukosamini. Kirutubisho halisi cha viungo hakifanyi kazi ndani ya siku mbili. Kikifanya hivyo, shuku kuna dawa imefichwa.

Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo kuhusu bidhaa zenye majina ya Artri na Ortiga zilizouzwa kama virutubisho vya viungo. Vipimo vilikuta diklofenaki na deksamethasoni ndani, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Diklofenaki inatoboa tumbo na kuumiza figo. Deksamethasoni ni steroidi: maumivu yanakatika kama umezima taa, kisha uso unajaa na kuwa wa mviringo, sukari inapanda, presha inapanda, michubuko inatokea kwa kuguswa kidogo.

Na hapa ndipo watu wanapokosea: wakisikia onyo, wanatupa kopo siku hiyo hiyo. Ukiwa umemeza steroidi kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zimeshalala, hazitengenezi kotisoli. Ukikata ghafla, presha inaanguka, kutapika, kizunguzungu, mtu anaweza kufa. Nenda hospitali *na kopo lako*, waambie umetumia kwa muda gani na vingapi kwa siku, upunguziwe kwa ngazi.

#17 Kipimajoto
Hili la Tabibu wenye uzi mlipandishe juu. Nami namwomba kila anayesifia "cha siku mbili" aweke jina la mtengenezaji na namba ya fungu.

#18 Mzee Kijiti
Vijana, mmeacha manjano na ubani. Hivi havina mfadhili wa kiwanda.

#19 Asha Kemia
Shikamoo mzee. Vina wafadhili pia, ila havikosi hoja.

Manjano: unga wenyewe una kurkumini asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai cha gramu 3 kinakupa 90 mg, wakati majaribio yanatumia dondoo lenye mamia ya miligramu. Na kurkumini haipiti utumbo kirahisi. Ini linaibadilisha na kuitoa haraka. Jaribio la 1998 lilionyesha 20 mg za piperini ya pilipili manga zikipandisha kiwango chake kwenye damu mara 20. Thailand walipima dondoo la manjano 1,500 mg kwa siku dhidi ya ibuprofeni 1,200 mg, watu 367, wiki nne, mwaka 2014. Nafuu ya goti ililingana. Australia mwaka 2020 wakapima dhidi ya kidonge kitupu, watu 70 wenye goti lenye maji, wiki 12. Maumivu yalishuka zaidi kwa pointi 9 hivi kwenye mizani ya 100, lakini maji ndani ya goti hayakupungua. Pointi 9 ni nafuu inayopimika. Kama mgonjwa anaihisi, hapo ndipo wataalamu wanagawanyika.

Ubani: ni ule wa mti wa Boswellia serrata, dondoo lenye AKBA nyingi (asidi iliyomo kwenye utomvu wake), si kila utomvu. Uchambuzi wa 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya majaribio, ulikuta dozi ya 100 mg kwa siku kwa siku 90 inashusha maumivu kwa pointi kama 17 kuliko kitupu. Pointi 17 ni nyingi, lakini zimetoka kwa watu 85 tu.

#20 Tabibu wa Zamu
Nyongeza kwa dada Asha: piperini hiyo hiyo inayopitisha kurkumini inazuia vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine, kwa hiyo kiwango cha dawa zako kinaweza kupanda. Na ini limeshaumia kwa baadhi ya watu kutokana na dondoo za manjano zenye piperini, hasa waliorithi jeni ya kinga iitwayo HLA-B*35:01. Macho yakiwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai, ngozi ikiwasha bila upele: acha, kapime ini siku hiyo.

#21 Jicho la Tatu
Mafuta ya samaki je? Natumia neno la daktari mmoja kuwa ndiyo pekee yenye ushahidi.

#22 Mfamasia Mkongwe
Ushahidi upo kwa *rumatoidi*, kama msaada juu ya dawa, si badala yake. Kiasi ni takribani gramu 2.7 za EPA na DHA (mafuta ya omega-3) kwa jumla kila siku, na unasubiri miezi mitatu. Wengi waliofika hapo walipunguza dawa za maumivu.

Sasa chukua kidonge cha kawaida. Mbele kimeandikwa 1,000 mg kwa herufi kubwa. Hayo ni mafuta yote. Nyuma utakuta EPA 180, DHA 120. Jumla 300. Ili ufike 2,700 unahitaji vidonge tisa kwa siku. Anayemeza kimoja na kulalamika hakijafanya kazi hajakijaribu bado. Tafuta kilichokolezwa au cha kimiminika, gawa mara mbili pamoja na chakula chenye mafuta ili usicheue ladha ya samaki, kiweke kwenye friji. Kikate kimoja ukinuse: kikinuka kama rangi ya mlango, kimechacha, tupa.

#23 Kipimajoto
Na kwa goti lililolika? Australia tena, watu 202, miaka miwili, gramu 4.5 dhidi ya gramu 0.45. Wa dozi *ndogo* ndio waliopata nafuu kubwa zaidi mwaka wa pili. Nani anaweza kulieleza hilo?

#24 Nahodha wa Nchi Kavu
Labda mafuta ya kujazia yaliyowekwa kwa wa dozi ndogo yalikuwa na kazi yake. Au bahati tu.

#25 Asha Kemia
Mafuta ya kujazia yalikuwemo kweli, kwa hiyo dhana ya Nahodha si ya kutupa. Lakini hapakuwa na kundi la tatu la kuamua.

#26 Lulu
Nje ya mada kidogo: kualisha vidole kunaleta athraitisi? Mama mkwe ananisema kila siku.

#27 Sindano Butu
Hakuleti, Lulu. Mlio ni gesi: kiungo kikivutwa, shinikizo ndani ya ute linashuka na kiputo kinajitokeza. Ndiyo maana huwezi kukialisha tena papo hapo. Donald Unger wa Marekani alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa miaka 50, akaandika 1998 kuwa mikono yote miwili haikuwa na athraitisi. Mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini uvumilivu wake naustahi.

Goti linaloalika bila maumivu liache. Linaloalika *na* kukwama, au kujaa maji, lionwe.

#28 Jicho la Tatu
Turudi. Kolajeni hamjaigusa.

#29 Asha Kemia
Kuna mbili zinazochanganywa. Iliyosagwa, gramu 10 kwa siku, inavunjwa tumboni kuwa asidi amino na vipande vifupi. Sehemu ya vipande hivyo inaingia kwenye damu, lakini mwili hauvipeleki gotini kwa anwani. Ya pili ni aina ya II isiyopikwa, 40 mg tu. Hiyo dhana yake ni kuizoesha kinga ya mwili, ndiyo maana dozi ni ndogo. Ukiiyeyusha kwenye chai ya moto umeiua. Wanaouza "kolajeni aina ya II gramu 10" wameunganisha majina ya bidhaa mbili.

#30 Sindano Butu
Jamani, gegedu halina neva. Maumivu yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando na kwenye misuli inayovuta vibaya. Ndiyo maana watu wenye eksirei mbaya wanatembea, na wenye eksirei nzuri wanalia. Mnabishana juu ya tofali wakati nguzo ni paja.

Lala chali. Goti moja likunje, mguu wa pili unyooshe. Kaza paja la mguu ulionyooka mpaka nyuma ya goti iguse sakafu, kisha uinue hadi usawa wa goti lililokunjwa. Shikilia sekunde 5, shusha polepole kuliko ulivyopandisha. Mara 10, seti 3. Zoezi la pili: kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika kwa mikono. Ukishindwa, weka mto ili kiti kipande. Baada ya wiki mbili utoe mto.

Wanaoshindwa huwa ni wa namna mbili. Mmoja anaacha siku ya kwanza goti likiuma. Mwingine anapiga seti kumi Jumamosi halafu halali. Kanuni ya kazi: maumivu yasivuke 5 kati ya 10 wakati wa zoezi, na yawe yamerudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa 24. Yasiporudi, punguza idadi, usiache. Na uzito: kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua.

#31 Kipimajoto
Sindano, kila uzi wewe ni paja. Ila safari hii sina cha kupinga.

#32 Nahodha wa Nchi Kavu
Sasa mwongozo rasmi unasemaje? Tusibaki na majaribio tu.

#33 Tabibu wa Zamu
Vyama havikubaliani. Chama cha Marekani cha magonjwa ya viungo, mwongozo wa 2019: glukosamini kwa goti na nyonga, wanapinga kwa nguvu, kondroitini vivyo hivyo, isipokuwa kwa mkono. OARSI, chama cha kimataifa cha watafiti wa gegedu kulika, mwaka huo huo: wanapinga zote. NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, 2022: usimpe mgonjwa glukosamini. ESCEO, jumuiya ya wataalamu wa mifupa na viungo ya Ulaya, 2019: anza na salfeti ya fuwele ya kiwango cha dawa. Wote wanasoma majaribio yale yale. Tofauti ni kama unaihesabu salfeti kuwa dawa ya peke yake au unaimwaga kwenye chungu kimoja na nyingine.

#34 Mfamasia Mkongwe
Kwa anayeamua kujaribu, ajaribu kwa mpangilio. Chagua tendo moja, mfano kushuka ngazi. Wiki mbili kabla ya kuanza, kila jioni andika alama ya maumivu, 0 hadi 10. Kisha anza bidhaa *moja*, dozi kamili, wiki 12, bila kuongeza zoezi jipya wala dawa mpya. Kisha acha wiki nne, ukiendelea kuandika. Kama alama hazikushuka kwa angalau 2, au hazikupanda ulipoacha, pesa zako ziende kwingine.

#35 Kipimajoto
Hizo wiki mbili za mwanzo msiziruke. Watu hununua kopo siku maumivu yako kileleni, na maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Ukianza kileleni, utashuka hata ukimeza maji.

#36 Mpita Njia 9
Mimi tatizo ni vidole, vifundo vya juu vina vinundu. Daktari kasema gegedu kulika, si rumatoidi. Hiyo "isipokuwa kwa mkono" aliyotaja Tabibu maana yake nini?

#37 Mfamasia Mkongwe
Inatokana na jaribio la Geneva la 2011: watu 162, kondroitini 800 mg mara moja kwa siku, miezi sita, vidole viliuma kidogo kuliko kwa waliomeza kitupu na mkono ukafanya kazi vizuri zaidi. Ni ya kiwango cha dawa, rejea alichoandika Asha #11. Wakati unasubiri, jeli ya diklofenaki asilimia 1: gramu 2 kwa mkono, mara nne kwa siku, usinawe kwa saa moja baada ya kupaka. Wengi wanapaka tone, wananawa, wanasema haifanyi kazi.

#38 Kipimajoto
Jaribio moja, kituo kimoja. Kuna aliyelirudia kwa vidole?

#39 Mwanambee
Mama kapima leo asubuhi, INR 2.6. Kopo tumelirudisha dukani. Anaanza zoezi la kiti, na mito miwili.

#40 Sindano Butu
Safi sana dada. Mto wa kwanza utoke baada ya wiki mbili. Kiti kiegemee ukuta.